Kubonyeza mkono kwa kichefuchefu cha kemo: historia yake, kutoka China hadi kwetu

SEHEMU YA 1: SWALI LA MKANDA



Wiki hizi swali moja limenijia inbox kwa namna tofauti tofauti: "Nesi, ati kuna mkanda wa kuvaa mkononi, una kidude kinachobonyeza, mgonjwa wa kansa anayechomwa kemo akiuvaa hatapiki tena. Ni kweli au tunapigwa?"

Nikajibu wawili watatu kwa kifupi, halafu nikaona jibu fupi halitoshi. Ndani ya hiyo habari kuna ukweli, ila ni mdogo kuliko unavyotangazwa. Ili ujue ukweli unaishia wapi na biashara inaanzia wapi, inabidi ujue jambo lenyewe limetoka wapi. Kwa hiyo leo ni somo la historia. Nimeligawa sehemu sita, soma taratibu hata ukiwa unanyonyesha.

Kwanza tuelewane kuhusu kichefuchefu chenyewe. Wewe uliyebeba mimba unakijua. Sasa chukua ile asubuhi mbaya kuliko zote za mimba yako, halafu iwe kila baada ya wiki tatu, kwa miezi kadhaa, tena kwa mtu aliyeishiwa nguvu. Hiyo ndiyo hali ya baadhi ya wagonjwa wa kemo.

Kwa nini kemo inatapisha? Dawa hizi zinaua chembe zinazozaliana haraka. Kansa inazaliana haraka, lakini hata utando wa ndani wa utumbo wako nao unazaliana haraka. Utumbo ukiguswa na dawa, unatoa kemikali inayopeleka taarifa kwenye ubongo: "tumekula sumu." Ubongo una sehemu yake inayopokea taarifa hiyo, na kazi yake ni moja tu, kutoa sumu nje. Mgonjwa anatapika ingawa hajala kitu kibaya.

Kuna kutapika kwa siku ileile ya dripu, yaani ndani ya saa 24. Kuna kunakokuja baadaye, siku ya pili, ya tatu, hata ya nne, wakati mgonjwa ameshafika nyumbani na nesi hayupo. Halafu kuna kule kwa ajabu: mgonjwa aliyeteseka dozi zilizopita anaanza kutapika akiliona tu geti la hospitali, au akisikia harufu ya spiriti. Hajaigiza. Mwili umekumbuka.

Kwa nini nalipigia kelele? Kwa sababu kutapika kunamfanya mtu asirudi. Uvimbe ulikuwa umeanza kupungua, dozi zilikuwa zimebaki chache, halafu mama anasema, "Bora nife na kansa yangu kuliko ile dripu." Kansa iliyokatiziwa dozi njiani inapata nafasi ya kukua tena. Na mtu aliyekata tamaa na hospitali ndiye anayesikiliza kila mwenye chupa, kikombe au mkanda.

Tuelekee sehemu ya pili.

SEHEMU YA 2: KEMO ILIFIKA KWETU MAPEMA KULIKO UNAVYODHANI

Wengi wanaamini kemo ni mambo ya juzi, mambo ya Ulaya. Wengine wanachanganya kemo na mionzi. Mionzi ni mashine inayomulika sehemu yenye ugonjwa. Kemo ni dawa, ya dripu, ya sindano au ya vidonge, inayozunguka mwili mzima kwa njia ya damu.

Kemo ilianzia vitani. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1942 walimpa mgonjwa wa kansa ya tezi dawa iliyotokana na gesi ya sumu ya kivita. Uvimbe ulipungua, ingawa ulirudi. Ndipo watu wakajua kwamba kansa inaweza kupunguzwa kwa dawa inayopita kwenye damu.

Sasa njoo kwetu. Mwaka 1958, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliandika habari za uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wa Afrika. Watoto wadogo, uso umevimba upande mmoja, meno yanalegea, na baada ya miezi michache mtoto hayupo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri wiki kama kumi, takriban kilomita 16,000. Walitoka Uganda, wakapita nchi yetu, wakati huo ikiitwa Tanganyika, na Nyasaland, ambayo ndiyo Malawi ya leo, wakaendelea kusini. Kila hospitali waliyofika walionyesha picha na kuuliza, "Mtoto wa namna hii mnamwona hapa?"

Wakagundua kitu ambacho sisi wa Kyela tunaweza kukielewa bila ramani. Ugonjwa ule ulionekana zaidi mabondeni, kwenye joto, mvua na mbu. Ukipanda nyanda za juu zenye baridi, unapotea. Unajua mwenyewe tofauti ya kulala Kasumulu na kulala Tukuyu. Baadaye wataalamu waliuhusisha ugonjwa ule na kirusi kimoja pamoja na malaria ya mara kwa mara. Ndiyo maana chandarua kwa mtoto si suala la homa peke yake.

Muhimu kwa hadithi yetu ni hiki: uvimbe ule uliitikia dawa vizuri sana. Mwaka 1967 kikafunguliwa pale Mulago kituo cha kutibu kansa hiyo, kwa ushirikiano na Wamarekani, ambacho leo ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wapo watoto waliopona kabisa kwa kemo, Afrika Mashariki, zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Kwa hiyo mtu akikuambia "kansa haiponi, kemo ni kukuongezea mateso tu", historia yetu wenyewe inamkatalia.

Tanzania nayo ina nyumba yake. Lile jengo la Ocean Road, Dar es Salaam, Wajerumani walilimaliza mwaka 1897. Baada ya uhuru kwa miaka mingi lilikuwa hospitali ya wazazi, na wapo watu wazima wa Dar leo ambao kitovu chao kilikatwa pale. Baadaye ikaletwa tiba ya mionzi, na mwaka 1996 ikawa Taasisi ya Saratani Ocean Road inayojitegemea. Kutoka mpakani kwetu hadi pale ni zaidi ya kilomita 900. Hebu fikiria safari hiyo ya basi ya kurudi nyumbani, umebeba ndoo ndogo miguuni. Watu wa Kyela wameifanya.

SEHEMU YA 3: DAWA ZA KUZUIA KUTAPIKA ZILICHELEWA

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kemo ilikuja kwanza. Dawa nzuri za kuzuia kutapika zikaja miaka mingi baadaye. Katikati hapo wagonjwa waliteseka sana.

Mwaka 1978 Marekani iliruhusu dawa inayoitwa sisplatini. Ni dawa kali na ya msaada mkubwa, hadi leo inatumika pamoja na mionzi kutibu saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Lakini inatapisha kuliko karibu kemo zote. Bila kinga, karibu kila anayepewa dozi kubwa anatapika, na si mara moja.

Wakati huo kilichokuwepo ni dawa kama Plasil, unayoijua, na nyingine za kulewesha usingizi ili mgonjwa asijue kinachoendelea. Zilisaidia kiasi. Ondansetroni, ile tunayoipa leo kabla ya dripu, ilianza kutumika mwaka 1990 na 1991. Hesabu: kuanzia 1942 hadi 1990 ni karibu miaka hamsini.

Ndani ya pengo hilo madaktari na manesi walikuwa wanatafuta chochote. Tangawizi, barafu mdomoni, kuzima taa, kumshika mgonjwa mkono. Na ndipo baadhi yao walipogeuza macho kutazama kitu cha zamani kutoka China.

Wachina wana vitabu vya tiba vya miaka kama elfu mbili iliyopita. Kwa imani yao, ndani ya mwili kuna njia ambazo nguvu ya uhai inapita, na juu ya njia hizo kuna nukta. Ukiichoma nukta kwa sindano nyembamba sana, au ukaibonyeza kwa kidole, unarekebisha mtiririko. Ya sindano inaitwa akupancha. Ya kubonyeza bila kuchoma inaitwa akupresha. Sayansi ya hospitali haijaziona hizo njia ukimpasua mtu. Lakini kitu kinaweza kusaidia hata kama maelezo ya anayekitumia hayalingani na yako, ndiyo maana ilibidi kipimwe.

Nukta yetu iko ndani ya mkono, juu kidogo ya kiwiko cha kiganja, pale nesi anapokupima mapigo lakini katikati zaidi. Wachina wanaiita Neiguan. Sasa sikiliza, watu wa mpakani: "guan" kwa Kichina ni lango la kupitia, kituo cha mpakani, neno hilohilo linalotumika kwa forodha. "Nei" ni ndani. Kwa hiyo Neiguan ni kama kusema Kituo cha Mpaka cha Ndani. Kama wangekuwa Wanyakyusa wangeiita Kasumulu ya mkono, nasema tu! Kwenye mtiririko wao ni nukta ya 6, na tangu zamani waliitumia kwa maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio, na tumbo linalopanda juu.

SEHEMU YA 4: MADAKTARI WA KICHINA, UNGUJA NA RELI

Jambo hilo lilifikaje Tanzania? Halikuja na wafanyabiashara wa mikanda. Lilikuja na madaktari.

China ilituma timu yake ya kwanza ya madaktari Afrika mwaka 1963, ikaenda Algeria. Mwaka uliofuata, 1964, baada ya Mapinduzi, ikaja Zanzibar. Madaktari wengi wa Kiingereza walikuwa wameondoka na hospitali zilihitaji watu. Timu ile ilitoka jimbo la Jiangsu, na mpaka leo ni Jiangsu wanaopeleka madaktari Zanzibar, wanafanya kazi Mnazi Mmoja Unguja na Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba. Bara walianza kuja mwaka 1968, wao kutoka jimbo la Shandong.

Halafu ikaja reli. Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970, ukakabidhiwa rasmi mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ikipita Mbeya kwetu. Wachina kwa maelfu walifanya kazi na vijana wa Kitanzania na Kizambia, na walikuja na madaktari wao. Kama una babu aliyefanya kazi kwenye reli, muulize kuhusu matabibu wa Kichina na sindano zao. Muulize sasa, kabla hajaenda na kumbukumbu zake.

Naomba mshike hili: madaktari wale hawakuja na sindano nyembamba peke yake. Timu ileile iliyochoma akupancha ilipasua, ilizalisha, ilitoa antibayotiki. Sindano zilikaa kwenye sanduku moja na mkasi wa upasuaji. Hakuna aliyemwambia mgonjwa wa kidole tumbo, "Usipasuliwe, njoo nikubonyeze mkono."

Kisa kingine cha miaka hiyohiyo kinafundisha. Mwaka 1971 mwandishi mkubwa wa gazeti la New York Times, James Reston, aliugua kidole tumbo akiwa Beijing. Akapasuliwa kule. Baadaye tumbo likamsumbua kwa gesi na maumivu, wakamchoma akupancha, akapata nafuu, akaandika gazetini. Marekani nzima ikaongea. Na kama ilivyo kawaida ya habari, ikaongezwa chumvi: wengine wakasimulia kwamba alipasuliwa kwa sindano za Kichina tu bila ganzi. Si kweli. Alipasuliwa kwa ganzi ya kawaida ya hospitali. Sindano zilikuja baada ya operesheni, kusaidia.

Mnaona eeh? Hata huko, habari ilipotoka mdomo mmoja kwenda mwingine, msaidizi aligeuzwa kuwa tiba kamili. Hicho ndicho kinachotokea kwenye mkanda wa leo.

SEHEMU YA 5: BELFAST, NA KUPIMA KWA HAKI

Miaka ya 1980, mjini Belfast, Ireland ya Kaskazini, alikuwepo daktari wa usingizi anaitwa John Dundee. Kazi yake ni kulaza watu kwa operesheni, na adui yake mkubwa ni kutapika baada ya operesheni. Akaichukua nukta ile ya Neiguan, lakini akaivua maelezo yote ya nguvu za uhai akauliza swali moja: inafanya kazi au haifanyi?

Alianza na wanawake waliofanyiwa operesheni ndogo. Kisha, na hapa ndipo akina mama mtafurahi, akaenda kliniki ya wajawazito. Mwaka 1988 alitoa majibu ya wajawazito 350, akiwa amewagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilifundishwa kubonyeza nukta yenyewe. La pili lilifundishwa kubonyeza sehemu isiyo na maana yoyote, karibu na kiwiko cha mkono. La tatu halikubonyeza popote.

Matokeo: kati ya wasiobonyeza, 67 kati ya 119 walisumbuliwa sana na kichefuchefu. Waliobonyeza sehemu ya uongo, 41 kati ya 112. Waliobonyeza nukta yenyewe, 23 kati ya 119.

Rudia kuzitazama namba hizo. Nukta yenyewe ilifanya vizuri kuliko zote. Lakini hata waliobonyeza mahali pa uongo walikuwa afadhali kuliko wasiobonyeza kabisa. Maana yake sehemu ya nafuu inatoka kwenye nukta, na sehemu nyingine inatoka kwenye kule kufanya jambo, kutulia, kuamini kwamba unahudumiwa. Hiyo nafuu ya pili nayo ni nafuu, usiicheke. Ila usimuuzie mtu kwa bei ya dawa.

Kisha Dundee akaingia kwa wagonjwa wa kemo. Akatumia sindano kwenye nukta ileile, wagonjwa wengi wakapata nafuu, lakini ilidumu kama saa 8 tu. Ili kuirefusha, akawavalisha mkanda wa mpira wenye kishikizo, akawaambia wakibonyeze kila baada ya saa 2. Huo ndio mkanda mnaoniuliza. Mnaona asili yake: ulikuwa wa kurefusha nafuu ya kitu kingine. Na wagonjwa wake walikuwa wanaendelea na kemo, na dawa za kuzuia kutapika walikuwa wanapewa.

Baada ya hapo wengine wakapima.

Mwaka 1997 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilikubali kwamba akupancha ya sindano inasaidia kichefuchefu cha baada ya operesheni na cha kemo kwa watu wazima.

Mwaka 2006 wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja, walikusanya tafiti 11 zenye wagonjwa 1,247. Kubonyeza kulipunguza ukali wa kichefuchefu cha siku ya kemo. Hakukupunguza kutapika, wala matatizo ya siku zinazofuata. Na wagonjwa wote walikuwa kwenye dawa za kuzuia kutapika pia.

Mwaka 2007 kikundi cha manesi watafiti wa Marekani, kikiongozwa na Suzanne Dibble, kilitoa majibu ya wanawake 160 wenye saratani ya matiti waliofundishwa kubonyeza kwa kidole chao wenyewe. Kwao ikawa kinyume: siku yenyewe hakukuwa na tofauti, lakini siku zilizofuata waliobonyeza nukta yenyewe walipata nafuu.

Mwaka 2013 Uingereza ikatoa utafiti mkubwa wa wagonjwa 500: wengine mkanda wa kweli, wengine mkanda wa uongo, wengine bila mkanda, wote na dawa. Tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo mno, kitakwimu haikuhesabika.

Kwa hiyo majibu hayafanani. Nawaambia yote, si yale mazuri tu, kwa sababu muuzaji atakuonyesha ule mmoja unaomfaa. Ukiyaweka pamoja yanasema hivi: kubonyeza kunaweza kumsaidia mgonjwa fulani kiasi, mwingine hakutamsaidia, kukifanywa vizuri hakuna madhara makubwa, na hakujawahi kuthibitishwa popote kuchukua nafasi ya dawa. Na kidole kinatosha. Kidole hakiuzwi.

SEHEMU YA 6: SASA NYUMBANI KWETU

Mwaka 2011 nchi hii iliona foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kikombe shilingi 500. Wapo waliotoka vitanda vya hospitali kwenda kule, wakiwa na kansa, kisukari, virusi vya UKIMWI. Kuwaita wajinga ni rahisi. Mimi naona watu waliokuwa wanateseka, na mateso yao hayakuwa yamepata msikilizaji. Mgonjwa wa kemo akirudi nyumbani anatapika na hakuna anayehangaika na kutapika kwake, ataenda popote panapohangaika naye.

Ndiyo maana nimeandika haya yote. Familia ikijua kushughulika na kichefuchefu, mgonjwa anamaliza dozi.

Namna ya kuitafuta nukta:

Mgonjwa ageuze kiganja kiangalie juu. Tafuta ule mstari mkubwa wa mwisho, mkono unapokutana na kiganja. Weka vidole vitatu VYAKE, si vyako, kimoja kando ya kingine kuanzia kwenye mstari huo kuelekea kiwiko. Kwa mtoto tumia vidole vya mtoto. Pale kidole cha tatu kinapoishia, katikati, utasikia kamba mbili ngumu zinazosimama akikunja ngumi kidogo. Nukta iko kati ya hizo kamba.

Bonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu ya kusikia lakini isiyoumiza, dakika 2 au 3, ukizungusha taratibu. Kisha mkono wa pili. Rudia kila baada ya saa chache siku ya dripu na siku mbili tatu zinazofuata, hasa kabla ya kula. Mtoto wa darasa la nne anaweza kumfanyia bibi yake. Mume anaweza kumfanyia mkewe, tena hapo baba ananyamaza kidogo anasikiliza mke anavyoendelea, si vibaya.

Usibonyeze hapa:

Mkono wenye kanula, kidonda au mchubuko. Mkono uliovimba, au ule wa upande uliotolewa titi na matezi ya kwapani. Mgonjwa anayetokwa damu kirahisi, fizi au pua, au mwenye madoa mekundu kwenye ngozi, muulize daktari kwanza, kwa sababu kemo inashusha chembe za kugandisha damu.

Mambo yanayokwenda pamoja na kubonyeza:

1. Vidonge vya kuzuia kutapika vimezwe kwa saa iliyoandikwa. Usisubiri atapike ndiyo umpe. Kuzuia ni rahisi kuliko kutuliza.

2. Kama dozi iliyopita alitapika sana, MWAMBIENI daktari kabla ya dripu ijayo. Kuna dawa za kuongeza au kubadilisha. Wengi wanakaa kimya wakidhani ndivyo inavyotakiwa iwe. Siyo.

3. Chakula kidogo kidogo, kilichopoa, kisicho na harufu kali. Uji mwepesi, wali mkavu kidogo, ndizi. Samaki akaangwe mbali na alipolala.

4. Maji kwa vijiko kama hawezi kunywa kikombe. ORS iwepo nyumbani.

5. Chai ya tangawizi nyepesi wengi inawafaa, lakini mwambie daktari. Miti shamba mingine yote, simamisha mpaka uulize, inaweza kugombana na kemo.

Usibonyeze mkono ukangoja nyumbani, kimbieni hospitali kama: ana homa ya nyuzi 38 au zaidi, kwa mtu wa kemo hiyo ni dharura hata kama ni saa nane usiku na hata kama unahisi ni malaria tu, hakuna kinachokaa tumboni siku nzima, mkojo umekuwa kidogo na mweusi, anatapika damu, au amechanganyikiwa, hasimami.

Na kwa wenye mikanda ya kuuza hapa mpakani: mtu akitaka kuununua kama msaada wa ziada, ni hela yake. Lakini ukimwambia aache kemo avae mkanda, unasema kitu ambacho madaktari wa Unguja hawakusema, Dundee hakusema, na Wachina wenyewe hospitalini kwao hawasemi. Wao wanatoa kemo kama sisi.

Mama mwenye mgonjwa nyumbani, niulize hapa chini, au njoo na karatasi zake tuzisome pamoja. Tuma hizi sehemu sita kwa dada yako aliyeko Karonga, Mbeya au Dar. Na leo jioni jipime mwenyewe vidole vitatu, uijue nukta kabla hujaihitaji.